Naombeni ushauri: binti yangu anaimba huku Malta, kampuni inataka tusaini miaka mitano

Baharia wa Tanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Malta mwaka wa ishirini sasa, kazi yangu makontena, bandarini Birżebbuġa. Nimeoa hapahapa. Binti yetu mkubwa ana miaka 17, anatimiza 18 mwezi wa sita, na anaimba. Siongelei kuimba bafuni, watu wanamlipa.

Kwa asiyeijua Malta: ni visiwa vya kilomita za mraba 316 tu, Pemba inavizidi mara tatu, na watu ni zaidi ya nusu milioni kidogo. Kila kijiji kina kanisa lake, mtakatifu wake na klabu yake ya bendi ya matarumbeta. Kiangazi chote ni sherehe na mafataki, mbwa wanakimbilia uvunguni. Shemeji yangu anapuliza klarineti kwenye bendi ya kijijini, na binti alianzia hapo, akibebeshwa makaratasi ya nota.

Halafu kuna Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya. Chukua Simba na Yanga, sema timu iwe moja na mechi iwe moja kwa mwaka. Kombe la wakubwa Malta haijawahi kulibeba. Imeishia nafasi ya pili mara mbili, Ira Losco 2002 na Chiara 2005. La watoto imelibeba mara mbili, Gaia Cauchi mwaka 2013 na Destiny Chukunyere 2015. Huyu Destiny ndiye aliyeniharibia mtoto. Baba yake ni Mnigeria aliyekuja kucheza mpira, mama Mmalta. Siku aliposhinda kule Sofia kwa pointi 185 alikuwa na miaka 13. Wangu alikuwa na saba, kakaa sakafuni pua inakaribia kugusa televisheni mpaka mama yake akamvuta nyuma. Alikuwa anaziangalia zile nywele. Kesho yake akagoma kunyooshwa zake.

Sasa tatizo. Kampuni moja ya muziki (jina silitaji) imemsikia kwenye harusi, imetuletea mkataba wa kurasa 14. Miaka mitano, na kampuni ina hiari ya kuongeza miwili, kisha miwili tena. Asilimia 30 ya kila anachoingiza. Nyimbo zote atakazorekodi ni mali yao. Kipengele cha saba kinasema wao ndio wataamua "mwonekano wa msanii". Wanaahidi kumwingiza kwenye mchujo wa taifa wa Eurovision, na wanataka tusaini mwezi huu, ilhali mitihani yake ya Advanced ni mwezi wa tano.

Mke wangu anasema tusaini, kwamba kisiwa kidogo, mlango ukifungwa umefungwa. Mimi usingizi sipati. Nisaidieni.

Mtoto wa Kigamboni

Mkuu hongera kwa kupata mtoto mwenye kipaji. Saini fasta kabla hawajabadili mawazo. Wangapi bongo wanalala nje ya studio kuomba nafasi kama hiyo?

Wakili wa Mtaani

Kigamboni, wewe ungesaini hata risiti ya mboga.

Baharia, kwanza jiulize kwa nini mwezi huu. Malta utu uzima ni miaka 18 kama kwetu. Leo wakitaka saini wanawaomba ninyi wazazi. Mwezi wa sita wataiomba kwake mwenyewe, akiwa amemaliza mitihani, ana haki ya kutafuta wakili wake na kusema anachotaka. Hiyo haraka ina sababu, na sababu si kipaji.

Pili, hesabu ile hiari. Mitano na miwili na miwili ni tisa. Binti akisaini ana 17 anatoka ana 26. Na hiari ni ya nani? Ya kampuni. Akifanya vizuri wataongeza, akidorora watamwacha. Yeye hana hiari hata moja hapo.

Tatu, usiende kwa wakili wa kampuni, hata akiwa mcheshi namna gani. Mahakama ya Malta iko Valletta barabara kuu ya Republic, na wakili hatakosekana maeneo hayo. Lipa saa moja tu ya wakili wako mwenyewe.

Fundi Mitambo NBO

Niko Nairobi, narekodi watu mwaka wa kumi na mbili huu. Mzee, acha nikuonyeshe hiyo "nyimbo ni mali yao" inavyouma, maana watu huisoma wakapita.

Tuseme wamemrekodia wimbo kwa euro 4,000. Studio, prodyuza, video, picha. Hizo pesa si zawadi, ni deni juu ya wimbo. Na tuseme, kwa kuwa wimbo ni mali yao, fungu lake kwenye mapato ya wimbo ni asilimia 20. Deni hulipwa kutoka kwa fungu lake, si kutoka kwa la kampuni. Kwa hivyo wimbo lazima uingize euro 20,000 ndipo yeye aguse senti ya kwanza. Wakati huo kampuni imeshakula 16,000. Halafu linakuja deni la wimbo wa pili. Soko lenyewe ni watu nusu milioni. Fanya hesabu ukiwa umeketi.

Uliza mambo mawili. Masta, yaani rekodi zenyewe za nyimbo, zitarudi kwake lini? Miaka saba au kumi inazungumzika, "milele" hapana. Na deni la wimbo mmoja lisibebwe na wimbo mwingine.

Jambo lingine, nani anaandika nyimbo? Ule wa Destiny wa 2021, Je me casse, hakuuandika yeye. Umeandikwa na watu wengine wanne. Redio ikiupiga, hela ya utunzi inaenda kwa watunzi. Binti akiweza kuandika hata mistari minne ya kiitikio, jina lake liingie kwenye karatasi siku hiyohiyo, studio, kabla mtu hajala chakula cha jioni.

Kijukuu cha Pemba

Nje ya mada kidogo mniwie radhi. Ni kweli Wamalta wanahesabu kama sisi? Nilimsikia mmoja melini anasema "sitta, sebgħa", nikageuka nikidhani ni mtu wa Wete.

Baharia wa Tanga

Kweli kabisa. Sita ni sitta, saba sebgħa, tisa disgħa, ishirini għoxrin, hamsini ħamsin. Dunia ni dinja. Lugha yao ina shina la Kiarabu ila wanaiandika kwa herufi za Kilatini. Wiki yangu ya kwanza nilinunua samaki Marsaxlokk kwa kusikiliza bei tu. Haya turudi.

Fundi, hiyo hesabu nimemsomea mke wangu mezani. Kanyamaza, kaenda kukaanga mayai.

Mama wa Napoli

Kaka Baharia, niko Italia, na miezi sita nilikaa Malta nikilea wazee, kwa hiyo nayajua mazingira. Hao wa kampuni wanamuuzia mwanao mlango ambao haujafungwa. Mchujo wa taifa hauna haja ya mtu kujiuza miaka tisa. Umri wa kuingia Eurovision ni miaka 16, ana muda.

Tena mtazame huyohuyo Destiny vizuri, msiishie kwenye kombe la utoto. 2017 alienda Britain's Got Talent, akaishia nusu fainali. 2019 alikwenda Eurovision ya Tel Aviv kama mwitikiaji, kasimama nyuma ya Michela Pace aliyekuwa anaiwakilisha Malta. Bingwa wa watoto wa Ulaya, anaitikia nyuma ya mwenzake! Mwaka uliofuata akashinda X Factor Malta chini ya mwalimu Ira Losco, yule wa nafasi ya pili 2002, mwaka ambao Destiny mwenyewe alizaliwa. Tiketi ya Eurovision ya Rotterdam mkononi, korona ikafuta mashindano. Akangoja mwaka mzima. 2021 akaenda akiwa miongoni mwa waliopewa nafasi kubwa ya kushinda, majaji wakampa pointi 208, za tatu kwa wingi. Watazamaji wakampa 47. Jumla 255, nafasi ya saba. Na hata aliyeshinda usiku ule hapewi pesa na waandaaji, anapewa kombe la kioo.

Njia nyingine ni Italia. Emma Muscat alikuja huku akaingia Amici, kipindi cha vijana wa kuimba na kucheza, 2018 Waitaliano wakamjua. Miaka minne baadaye akaiwakilisha Malta Turin na hakufika fainali, lakini Italia alikuwa ameshaipata. Mwanao Kiitaliano anakijua?

Baharia wa Tanga

Anakijua kuliko Kiswahili, dada yangu. Hilo nalo ni deni langu.

Mtoto wa Kigamboni

Narudi nikiwa mpole. Nimekumbuka Harmonize alipotoka WCB, lebo ya Diamond, 2019, alisema mwenyewe aliambiwa alipe milioni 500 na akauza mali. Mkuu usisaini.

Bi Mdogo wa Mombasa

Nyote mwajadili pesa na miaka. Hicho kipengele cha saba hamkioni? "Mwonekano wa msanii". Huyo mtoto aligoma kunyooshwa nywele ana miaka saba. Nimefanya kazi saluni, nawajua hao wa "mwonekano". Wataanza na nywele, kisha uzani, kisha jina la baba kuwa refu mno kwa bango. Baba mtu, tafadhali, kifute chote au kiandikwe "kwa ridhaa ya msanii kwa maandishi".

Na je, yeye mwenyewe asemaje? Naona maneno ya baba, mama, mjomba wa klarineti. Mwimbaji kimya.

Baharia wa Tanga

Umenishika pabaya. Ngoja niwaambie kisa kimoja. Agosti iliyopita aliimba hotelini, saa tatu nzima, watalii wamempa mgongo wanakula kamba wadogo. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa jikoni, trei zinanipita juu ya kichwa. Wimbo wa mwisho mama mmoja mzee aligeuza kiti chake kizima akamtazama. Mmoja tu. Tulikubaliana euro 120, msimamizi akatoa 80 eti usiku ulikuwa mbaya. Mimi nilishasimama niseme. Binti akanishika mkono, akapokea 80, kisha akamwomba risiti iandikwe "80 kati ya 120". Jamaa aliandika huku anacheka. Wiki iliyofuata alikwenda peke yake na ile karatasi, akarudi na 40.

Nitamuuliza.

Wakili wa Mtaani

Huyo binti anatufaa sisi ofisini. Hata hivyo umpeleke kwa wakili.

Baharia wa Tanga (mrejesho)

Wakuu, mrejesho kama mlivyodai.

Tulikwenda Valletta Ijumaa, watatu. Wakili ni mama wa makamo, alisoma kurasa zote 14 tukiwa tumekaa, hakuinua macho. Kisha akamgeukia binti, si sisi, akamuuliza: unataka kuimba nini? Binti akasema anataka kwanza kuomba kazi ya kuitikia kwenye mchujo ujao, nyuma ya yeyote atakayemchukua, ajue kamera iko wapi na mtu anasimama vipi. Chuo anaendelea nacho. Na wimbo mmoja na kampuni hii anaukubali, mmoja, akiwa ameandika sehemu yake. Mke wangu alinitazama. Sikuwa na la kuongeza, nikaomba maji.

Kampuni tumeipelekea hayo. Kumbe mlango haukufungwa. Walijibu siku ya nne: wimbo mmoja sawa, masta zirudi baada ya miaka kumi, saini tungoje mwezi wa sita asaini mwenyewe. Asilimia 30 wameshusha hadi 20. Kipengele cha saba wamekiacha vilevile, neno kwa neno.

Nilikuwa najiandaa kumpigia wakili. Nikakuta binti ameshakikata kwa kalamu nyekundu, pembeni ameandika *le*. Kwa Kimalta maana yake hapana. Kijukuu wa Pemba, hiyo unaisoma bila mkalimani, sisi tunasema la.

Karatasi imerudi kwao jana. Mtihani wa kwanza ni Jumatatu, na usiku huu amejifungia na kemia. Jibu lao likija nitaleta hapa.