Kumlipa mkutubi wa kujitegemea anitafutie machapisho, ni sawa au najiingiza matatani?

kalamu_butu
Habari zenu wadau, naombeni ushauri. Nafanya mapitio ya kimfumo (systematic review, yaani kukusanya tafiti zote za mada moja kwa utaratibu unaoweza kurudiwa) kuhusu usingizi wa wauguzi wa zamu za usiku, nimetafuta wee huko Google Scholar mpaka nikaandika sura nzima, supavaiza kanirudishia na swali moja tu: mtu mwingine akirudia ulichofanya atapata hayohayo? Nikabaki kimya maana hata maneno niliyotafutia sikuyaandika popote. Sasa nimesikia kuna wakutubi wanaojitegemea wanafanya hii kazi kwa malipo, mmoja kaniambia atamaliza kila kitu mpaka kuniandikia sura ya pili, hapo ndo nikaanza kuogopa. Kazi yao inaishia wapi kabla haijawa udanganyifu? Na nitamjuaje anayeijua kazi?

msomi_wa_jioni
Kabla hujatoa hela yako nenda maktaba ya chuo chako ukaulize, wengi hatujui kama kuna mkutubi analipwa mshahara kwa ajili ya hayohayo maswali yako. Ukikuta foleni ndefu au umeshamaliza chuo ndo ufikirie wa nje.

mzee_wa_rafu
Mimi ndo kazi yangu hii kwa hiyo nivumilie nikiandika ndefu.

Huyo wa kukuandikia sura mkimbie. Mkutubi anatafuta na kuweka kumbukumbu ya alivyotafuta, kusoma na kuchambua ni kwako. Mtakaa mlivunje swali vipande, wauguzi, zamu za usiku, usingizi, kila kipande kinatafutiwa maneno yote ambayo waandishi wanayatumia, ndani ya kipande yanaungwa kwa OR (lolote likiwepo inatosha) halafu vipande vyenyewe vinaungwa kwa AND (lazima vyote viwepo). Ukiandika nurs* na hiyo nyota inakuletea nurse, nurses na nursing kwa mkupuo. Kwenye PubMed, kanzidata ya makala za tiba, anaongeza na MeSH, ile orodha ya istilahi ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, maana waandishi wawili wanaweza kuita kitu kimoja majina tofauti lakini wakawekwa chini ya istilahi moja.

Jasho lenyewe linakuja wakati wa kuhamisha utafutaji kwenda kanzidata nyingine. Embase, nayo ya tiba, haitumii MeSH, ina orodha yake inaitwa Emtree, CINAHL nayo ambayo kwa mambo ya uuguzi huwezi kuiruka ina istilahi zake, ukikopi na kupesti tu makala zinakupita na hakuna atakayekwambia zimekupita. Google Scholar ibaki ya nyongeza, inaweza kukuambia imepata laki kadhaa lakini inakufungulia 1000 za mwanzo basi.

Kumpima ni rahisi. Tafuta makala kumi ambazo una uhakika lazima ziwemo, mpe tano zimsaidie kuokota maneno, tano zifiche. Akikuletea utafutaji wake angalia zile ulizoficha zimo au hazimo. Hata mkutubi mzuri anaweza kukosa moja, ila akikosa tatu na hana maelezo, mshukuru muachane.

nilishaumia
Naongezea hapo kwa mzee. Mimi niliyempata alinitumia faili la marejeo themanini kwa siku moja, nikaona nimepata malaika. Kuja kufungua DOI (ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni) moja moja nyingine hazifungui kabisa, nyingine zinakupeleka kwenye makala ya mambo mengine, kumbe katengeneza na roboti la AI yaani majina ya waandishi yanavutia kweli ila makala hazipo duniani. Usipokee orodha tupu! Dai utafutaji wenyewe neno kwa neno kwa kila kanzidata, tarehe alizotafuta, idadi aliyopata kabla na baada ya kuondoa zinazojirudia, na faili la RIS (la kuhamishia marejeo) uliingize mwenyewe Zotero, ile programu ya kutunza marejeo.

kalamu_butu
Duh pole sana. Hiyo ya kuficha makala naifanya leo hii. Mzee, malipo tukubaliane kwa saa au kwa kazi nzima? Na akiomba paswedi yangu ya maktaba nimpe?

mzee_wa_rafu
Paswedi usitoe, mikataba ya hizo kanzidata kwa kawaida inaruhusu watu wa chuo tu na akaunti ikifungiwa ni yako. Muulize mapema yeye ana njia ya kuingia wapi. Ambayo hana, akuandikie utafutaji wewe ndo ubonyeze, mnaweza hata kukaa kwenye simu mkifanya pamoja.

Malipo mimi napendelea kwa saa ila muweke ukomo, kwa sababu utafutaji wa kwanza huwa hautoshi, unasoma matokeo unagundua neno limesahaulika mnarudi tena. Na mtajane kabisa kama bei ina marudio ya mwisho kabla hujatuma kwenye jarida, kazi ikikaa mwaka unadaiwa kutafuta upya. Mkabidhi pia PRISMA-S, ni orodha ya vipengele 16 vya kuripoti utafutaji, akikuuliza ni nini hiyo umeshapata jibu lako.

msomi_wa_jioni
Na jina lake litakaa wapi?

mzee_wa_rafu
Akitafuta tu, kwenye shukrani. Akishiriki kubuni utafutaji, akaandika hiyo sehemu ya mbinu, akapitia rasimu ya mwisho, akaikubali na yuko tayari kuitetea, basi kwa vigezo vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ni mwandishi mwenza, hata kama ulimlipa. Kwa tasnifu ni shukrani tu, na supavaiza ajue kabla hujaanza.

kalamu_butu
Nimemwandikia supavaiza sasa hivi. Nasubiri jibu.