"TANGI LINATOKA JASHO": Huyu fundi wa chini ya mwembe mnamfuga wa nini?

Chasisi Kavu (mleta uzi)
Wakuu, leo sina salamu. Yule fundi mnamjua, msinilazimishe nitaje. Yule wa chini ya mwembe, mwenye redio kubwa kuliko kompresa yake. Tangi la dizeli la lori langu, Bedford TJ, limetoka mikononi mwake saa nne asubuhi. Saa sita, chini ya gari kuna dimbwi bata anaweza kulelea vifaranga. Namvutia waya, jibu lake hili hapa: "Halivuji hilo mzee, linatoka jasho."

JASHO.

Laki na ishirini za jasho! Sasa sikieni alichokifanya. Tundu liko chini, pale mkanda wa mbele wa kulishikilia tangi unapokata kona. Matangi ya zamani hupenda kutoboka hapohapo: maji ya barabarani yanajipenyeza kati ya mkanda na bati, hayakauki, kutu inakula kutoka nje huku maji yaliyotuama ndani yakila kutoka upande wa pili. Fundi mwenye akili zake anashusha tangi, anafungua mikanda yote miwili, anakwangua mpaka chuma king'ae, kisha anagongagonga kwa ncha ya bisibisi kuzunguka tundu ajue bati zima linaanzia wapi. Tundu la sindano mara nyingi limezungukwa na bati jembamba kama karatasi ya sigara.

Huyu bwana hakushusha kitu. Kalegeza mkanda, kasugua sabuni ya mche, juu ya sabuni kapaka pati ya bodi, juu ya pati rangi nyeusi. Halafu kati ya mkanda na tangi, mahali pa raba ngumu ya milimita 3 isiyonyonya maji, kachomeka kipande cha GUNIA. Gunia, wakuu! Linakunywa maji kuliko ng'ombe wa kiangazi.

Sabuni inazuia dizeli kweli, kwa kuwa haiyeyuki kwenye mafuta. Lakini ni dawa ya kukufikisha nyumbani, si ya kuuzia mtu. Mvua moja tu inaiosha. Na pati ya bodi haishiki bati lenye mafuta, mtikisiko wa chasisi unaibandua kama ukoko wa ugali.

Na simu hakuikata hapo. Akamalizia: "Kwani wewe mzee hutoki jasho?"

Utingo Mstaafu
Mkuu, povu linalokutoka ni jingi kuliko la ile sabuni.

Binti Spana
Laki na ishirini kwa sabuni ya mche? Hiyo ni sabuni ya kuogea bwana harusi. Lete picha.

Gesi na Rodi
Shukuru alitumia sabuni. Angekuwa na bidii kidogo angewasha gesi, na huu ungekuwa uzi wa rambirambi.

Tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwa sababu tupu lina mvuke pamoja na hewa ya kuuwasha. Petroli inahitaji mvuke wa kama asilimia 1.4 tu ndani ya hewa ili iwake. Dizeli watu wanaidharau kwa vile ikiwa baridi haishiki kiberiti, ila bati likipigwa moto wa kuchomelea, ule utope uliojificha kwenye mikunjo unageuka mvuke hapohapo. Utaratibu: toa mafuta yote, toa boya la geji na bomba la kuvutia, osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tatu. Geuza tangi mpaka tundu likae juu kabisa. Jaza maji yabaki vidole viwili chini ya tundu, na uache mdomo wa tangi wazi hewa ipate pa kutokea. Ndipo uchomee. Wale wanaoingiza moshi wa ekzosi ndani ya tangi wakidhani wamefukuza hewa, mimi sisimami nao hata mita kumi.

Fundi Bati Gerezani
Kwa tundu la sindano hata kuchomelea ni kulikomoa tangi. Matangi mengi ya enzi hizo bati lake limepakwa mchanganyiko wa risasi na stani, linapokea lehemu vizuri sana. Kata kiraka cha brasi au bati la stani kinachozidi bati bovu kwa sentimita mbili kila upande, kona zake uzizungushe, paka dawa ya kulehemia, kipashe kiraka stani peke yake kwanza, halafu kikalishe na pasi nzito ya shaba iliyopashwa moto mbali kabisa na tangi. Na kuosha kunabaki palepale, lehemu haikusamehi mvuke. Ukimaliza futa dawa yote kwa maji ya magadi, ukiiacha itatoboa tundu jipya pembeni ya kiraka na utarudi hapa kulia.

Chasisi Kavu
Asanteni kwa elimu, ila mnanitoa kwenye reli. Hoja ni JASHO. Mtu mzima, ana watoto wanasoma, anasema chuma kinatoka jasho.

Mhandisi wa Kijiwe
Samahani mleta uzi, lakini tangi linatoka jasho kweli. Kwa ndani.

Ukilaza gari tangi likiwa nusu, ile nusu ya juu ni hewa yenye unyevu. Usiku bati linapoa, unyevu unageuka matone, matone yanatelemka. Dizeli ni nyepesi, lita moja ina kama kilo 0.84, kwa hiyo maji yanakwenda kukaa chini kabisa, na hapo yanatafuna bati mwaka mzima. Ndiyo maana kuna skrubu ya kutolea maji chini ya tangi. Jaza jioni badala ya asubuhi, na kila wiki gari likiwa limelala usiku kucha fungua ile skrubu ukinge kikombe kimoja kabla hujawasha.

Chasisi Kavu
Wewe ni shemeji yake?

Utingo Mstaafu
😂😂 Kumbe jasho lipo. Mleta uzi omba radhi.

Nozo Safi
Swali moja kabla hamjamzika huyu mzee. Tangi lilipokuwa pale mwembeni lilikuwa linadondosha?

Chasisi Kavu
Halikudondosha hata tone. Ningelipaje?

Nozo Safi
Nenda ukafungue kizibo cha kujazia, ukigeuze, ukiangalie kitundu cha kupumulia.

Chasisi Kavu
...
Kimezibwa. Kwa rangi ileile nyeusi.

Nozo Safi
Nilijua. Mafuta yakitaka kutoka kwenye tundu dogo, hewa lazima iingie juu kuchukua nafasi yake. Ziba kipumulio na matone yanakoma, kama soda kwenye mrija uliouziba juu kwa kidole. Umesimama pale, umechuchumaa, umeona pakavu, umelipa. Umefika kwako ukafungua kizibo kuchungulia mafuta, hewa ikaingia, "jasho" likaanza. Na ungesafiri hivyohivyo pampu ya kuvutia ingepambana na tangi lisilopumua mpaka injini ikuzimikie kwenye mlima. Zibua kwa waya mwembamba, kisha puliza kwa mdomo. Usipige kompresa.

Binti Spana
Yaani huyo si fundi, ni mwanamazingaombwe.

Chasisi Kavu
Halafu ananiuliza kama mimi sitoki jasho! Sasa hivi natoka mpaka kwenye kope!

Kilo Tatu Mia
Uza chuma chakavu upumzike.

Gesi na Rodi
Kama ukipiga bisibisi inapenya sehemu tatu, acha viraka. Tengeneza jipya. Bati jeusi la milimita 2. Boksi la sentimita 100 kwa 45 kwa 45 linabeba lita 200 na ushee, na karatasi moja ya futi 8 kwa 4 inatoa ganda zima na mifuniko miwili. Viwambaza vya kuvunja mawimbi tafuta vipande, weka viwili, kona za chini uzikate ili mafuta yapite. Bomba la kuvutia liishie sentimita mbili na nusu au tatu kabla ya sakafu, usilifikishe kwenye uchafu. Bomba la mafuta yanayorudi litue mbali na la kuvutia, la sivyo unavuta povu na hewa.

Na akija mtu na bati la mabati mfukuze. Zinki iliyopakwa juu yake inachangamana na asidi zilizomo kwenye dizeli, zinatengeneza utelezi kama sabuni ambao unaishia kwenye filta na nozo.

Utingo Mstaafu
Sabuni tena? Hili tangi limeandikiwa sabuni.

Fundi Bati Gerezani
Kwenye kupima jipya ndiko watu wanakoharibu. Mtu anachomeka paipu ya kujazia tairi. Ubavu wa sentimita 100 kwa 45 ukipata psi 2 tu, unasukumwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 600. Tangi linavimba kama kiriba. Njia ya wazee: paka chokaa kwenye maungio yote kwa nje, acha ikauke, mimina mafuta ya taa ndani, ligeuzegeuze kila ubavu kwa nusu saa. Penye upenyo chokaa inalowa na kuwa nyeusi. Haidanganyi, na haihitaji kuziba kipumulio cha mtu.

Kutu Sugu
Kutu ya ndani je? Nimesikia mnatia kokoto.

Mhandisi wa Kijiwe
Kokoto zinakwama kwenye viwambaza. Tumia mnyororo mwembamba uliofungiwa waya ili uweze kuuvuta nje. Kutu iliyobaki, molasi kipimo kimoja kwa maji tisa, jaza mpaka shingoni, acha wiki mbili, suuza, kausha siku hiyohiyo na paka dizeli. Inanuka mpaka majirani watakuitia mjumbe. Zile rangi za kumimina ndani msikimbilie, zikikuta unyevu au kutu zinabanduka vipandevipande na kuziba bomba la kuvutia.

Binti Spana
Tangi mnalionea. Tatizo kubwa la malori haya ni mafundi umeme. Tangi likishapakwa rangi vizuri na kukalishwa kwenye raba, boya la geji linakosa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chasisi. Mshale unadanganya. Fundi umeme anakuja, anasema geji imekufa, anauza nyingine. Waya mmoja tu kutoka skrubu ya boya mpaka kwenye chasisi, basi. Wezi wakubwa!

Kilo Tatu Mia
Na boya lenyewe likiwa la brasi likaingia mafuta linazama, mshale unalala sifuri tangi likiwa limejaa. Lizamishe kwenye maji ya moto, hewa ya ndani itavimba na kutoa viputo penye ufa.

Utingo Mstaafu
Geji za nini? Mti wa kupimia haujawahi kuhitaji athi. Wachore mistari kwa kumimina lita 20, 20. Tatizo ni vituo vya mafuta, hizo lita zenyewe hazifiki.

Kutu Sugu
HAPO SASA. Vituo ndiyo jasho lenyewe.

Chasisi Kavu
Jamani, uzi ni wa tangi.

Kilo Tatu Mia
Msipime na madumu ya njano. Dumu linaloitwa la lita 20 likijazwa mpaka mdomoni linazidi, mtu anaona halijajaa anamtukana mhudumu bure. Tafuta kipimo kilichogongwa muhuri wa Wakala wa Vipimo.

Utingo Mstaafu
Halizidi. Dumu ni dumu.

Kilo Tatu Mia
Linazidi, lipime kwenye mizani. Maji lita 20 ni kilo 20. Toa uzito wa dumu.

Utingo Mstaafu
Mizani ya nani? Ya wauza mkaa? 😂

Kutu Sugu
Tusizungumzie mizani ya mkaa, nitaanzisha uzi wangu.

Chasisi Kavu
Tangi. LANGU. Bado. Linadondosha.

Binti Spana
Weka sufuria chini mkuu, wenzio wanajadili dumu.