Ushelisheli wanalindaje bahari yao na sisi Ziwa Victoria linatushinda?

jamaa_kondele: Wadau habari, niko Kisumu hapa. Nimesikia ati Ushelisheli, kanchi ka watu kama laki moja tu, tangu 2020 wameweka asilimia 30 ya bahari yao chini ya ulinzi. Sasa pesa walitoa wapi na wavuvi wanakula nini?

omena_fry: Si kufunga yote bana. Wamegawa, kuna penye hutii nyavu kabisa kama visiwa vya Aldabra kwenye kobe wakubwa, na kwingine unavua kwa masharti.

mwalimu_nax: Pesa ilitoka kwa deni. 2016 walipanga upya deni la dola milioni 21 hivi, sehemu ya malipo yake ikaanza kuingia kwa mfuko wa kulinda bahari. Na wavuvi na watu wa hoteli waliitwa wakabishana juu ya ramani miaka kadhaa, hapo ndio naona walitushinda.

omena_fry: Ramani tu! Hapa Dunga mzee wa biichi anakuonyesha na kidole penye samaki ngege huzalia, nani ameandika?

jamaa_kondele: Lakini wao bahari ni yao pekee, sisi Victoria tuko na asilimia 6, zingine ni za Uganda na Tanzania, tukifunga wao wakivua je?

mwalimu_nax: Ghuba ya Winam si iko ndani ya Kenya yote? Anzeni na hiyo.