Mrejesho: Mama yuko nyumbani, na usiku analala

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza: mama ana saratani ya shingo ya kizazi, madaktari wamesema haitapona tena, je, nimrudishe nyumbani au tuendelee kung'ang'ania wodi?

Mlioniambia nitafute tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mtu mwenye ugonjwa mzito, Mungu awabariki. Nilidhani ni kumkatia mgonjwa tamaa. Kumbe muuguzi anakuja kushughulikia maumivu, vidonda, kichefuchefu, na hata sisi tunaouguza.

Ametupa mofini ya maji, dawa ya kunywa ya kutuliza maumivu makali. Mama anapewa kila baada ya saa 4, maumivu yawepo yasiwepo, kwa sababu ukisubiri yarudi umeshachelewa. Pamoja nayo kuna dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Dada aliogopa mama atageuka teja. Akaeleweshwa kuwa kwa dozi iliyopimwa vizuri ya maumivu ya saratani, hilo ni nadra. Sasa yeye ndiye anayempimia mama dawa kwa bomba la sindano, hadi kwenye alama tuliyochora kwa kalamu nyekundu.

Jana mama aliomba uji wa ulezi. Akanywa nusu kikombe, akauliza kama kuku wamefungiwa.