Ushauri: Mzee wa Kibusaidi anataka shajara yangu, posa mwezi ujao

Mtoto_wa_Takaungu: Salaam wakuu. Nimempenda binti wa Kibusaidi. Baba yake mzaliwa wa Unguja, walihamia Maskati baada ya Mapinduzi ya 1964 na nyumbani kwao bado ni Kiswahili kitupu. Mimi wa pwani ya Kenya, jina la ukoo Mazrui. Mzee kanipokea vizuri, kahawa na halua, kisha taratibu akasema nimpelekee shajara, yaani nasaba iliyoandikwa, hadi babu wa saba. Nahisi ni kinyongo cha 1837. Nifanyeje?

Simba_wa_Gazi: 1837 si mchezo, bwana mdogo. Mazrui walipewa uliwali wa Mombasa na Yaarubi, watawala wa Oman kabla ya Busaidi. Ahmad bin Said Albusaidi aliposhika uimamu Oman miaka ya 1740, liwali wa Mombasa akagoma kumtambua. Uhasama ukaendelea karibu karne nzima, hadi mwaka huo Seyyid Said, Mbusaidi, akautwaa mji, akawakamata wakubwa wao na kuwapeleka Bandar Abbas. Waliosalia wakagawanyika, hawa Gazi, hawa Takaungu. Sisi wa Gazi tulikuwa na Mbaruk bin Rashid, aliyewatoa jasho Waingereza 1895...

Kahawa_Tungu: Muahidi mzee kwamba hutaizingira Ngome ya Yesu siku ya fungate 😂

MamaZai: Mwanangu, kinachotazamwa ni dini na tabia. Mimi niliolewa na Mshihiri muuza maji, ndugu zangu wakasusa harusi. Leo hao hao ndio wanaokuja kukopa.

Mnazi_Mmoja: Mbona hamuulizi la maana? Mazrui nasaba yao imeandikwa. Sheikh Al-Amin bin Ali, Kadhi Mkuu wa Kenya 1937 hadi 1947, aliandika mpaka historia ya ukoo. Mleta uzi, unaogopa nini? Babu mzaa baba ni nani?

Mtoto_wa_Takaungu: Haya. Babu alikuwa Mgiriama. Alilelewa kwa Mazrui wa Takaungu, akasilimu, kwenye kipande akaandikwa kwa jina lao. Baba karithi, nami nimerithi. Paspoti yangu inasema hivyo hivyo, sasa uongo uko wapi? Na Wagiriama na Mazrui wa Takaungu walikuwa na mapatano yao tangu zamani. Isitoshe kuna fundi wa hati za Kiarabu, nimeshamlipa nusu aniandikie shajara.

Simba_wa_Gazi: Astaghfirullah! Unanunua mababu?

MamaZai: Mwambie binti ukweli kabla hujaenda mbali.

Mtoto_wa_Takaungu: Anajua, mama. Huyo fundi yeye ndiye aliyemtafuta.

Jicho_la_Bandari: Hii ni chai. Huyu huyu aliuliza hapa bei ya pete kwa mchumba wa Kibarawa. Halafu Mazrui wa huku wengi ni Wasunni, Busaidi Waibadhi, na mzee hakugusa madhehebu hata kidogo?

Binti_Maskati: Wangu naye hakugusa. Alimuuliza mume wangu anafanya kazi wapi, basi.

Jicho_la_Bandari: Dada, wewe na mleta uzi mmejiunga jukwaani wiki moja. Tunawaona.

Kahawa_Tungu: Chai au si chai, mimi nasubiri halua.

Mtoto_wa_Takaungu: Wa pete ni ndugu yangu, tunatumia akaunti moja. Nijibuni basi, posa iko palepale.

Simba_wa_Gazi: Hebu nitumie namba ya huyo fundi faraghani. Kuna binamu yangu ana shida kama hiyo.