Shemeji kakopa mtandaoni, meseji za kumdhalilisha tunatumiwa sote. Tuanzie wapi?

Wakuu, naomba ushauri. Shemeji yangu alikopa kwenye programu moja ya simu, akachelewa kurejesha. Sasa kila mwenye namba kwenye simu yake anatumiwa meseji: "Mwambie huyu tapeli alipe," na chini picha ya kitambulisho chake. Wametumiwa bosi wake, mchungaji, hadi fundi bomba. Mimi sijakopa popote wala sikumruhusu mtu achukue namba yangu.

Deni atalipa, hilo halina ubishi. Kinachoniuma ni kuanikwa namna hii. Najua Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Aliyewahi kupeleka malalamiko kwenye Tume anisaidie: naweza kulalamika mimi nisiyekopa, au lazima aende mwenyewe? Picha za skrini zinatosha kuwa ushahidi? Au tuanzie polisi? Mwenyewe anataka kufuta kila kitu na kubadilisha laini. Nimemsihi asifute hata meseji moja kwanza.