Naomba ushauri: diski ya skrini pana au ya skrini kamili?

Assalamu alaikum ndugu wanachama. Ninamtafutia baba, hapa Kisauni, diski za filamu za zamani, na muuzaji mmoja wa Mwembe Tayari ana matoleo mawili ya filamu ileile: la skrini pana na la skrini kamili. Televisheni ya baba ni ile yenye mgongo, ya 4:3 (yaani uwiano wa upana kwa kimo cha kioo), ingawa Mungu akijaalia nitamnunulia ya 16:9.

Nimeyajaribu yote mawili. La skrini pana lina weusi mwingi juu na chini, na baba, ambaye macho yake yamepungua nguvu, hazitambui nyuso. La skrini kamili limejaza kioo, lakini watu wawili wakizungumza, mmoja hukatwa akabaki pua tu. Hilo linaniuma sana, kwani filamu kama Ben-Hur ya 1959, yenye uwiano wa 2.76:1, ikikatwa hadi 4:3 hupoteza zaidi ya nusu ya picha.

Je, nikichukua la skrini pana, kitufe cha kukuza picha kwenye deki kitamfaa kwa sasa? Na nitajuaje, kwa kusoma kasha, kwamba picha itajaa upana wote wa televisheni mpya badala ya kuzungukwa na weusi pande zote nne?